Mapadre 150 Katika Kijiji Kimoja

Sogeeni, wajukuu, leo tunakwenda mbali. Tunka ni kijiji cha Siberia, chini ya milima ya Sayan, magharibi ya Ziwa Baikal. Kipupwe cha huko kinaua, maana baridi hufika hata nyuzi 40 chini ya sifuri.

Mwaka 1863 Wapolandi na Walithuania waliinuka kupigana na mfalme wa Urusi aliyewatawala. Mapadre wengi wakawa upande wao: wapo waliowabariki wapiganaji, wapo waliosoma matangazo yao kanisani. Uasi huo ukashindwa. Mapadre kadhaa waliuawa, mamia wakapelekwa Siberia, safari ya miezi mingi. Kuanzia 1866 serikali ikawakusanya zaidi ya 150 pale Tunka, iwe rahisi kuwalinda.

Kazi ya padre mnaijua: kuadhimisha misa, kubatiza, kuungamisha, kuzika. Yote hayo yakapigwa marufuku. Tena wangemhubiria nani? Majirani walikuwa Waburiati, wenyeji wa huko wenye dini yao, na Wakozaki, askari wa mfalme, Wakristo wa Kiorthodoksi. Wachungaji 150, kondoo hakuna!

Basi, aliyezoea kushika kitabu akashika jembe. Walilima bustani za mboga, wakashona viatu, wakaoka mikate, na wachache wakatibu wagonjwa. Misa waliisali chumbani, kimyakimya. Walijiandikia hata kanuni za kuishi pamoja, maana watu wengi wakibanana mahali pamoja bila kazi waliyoisomea, ugomvi haukosekani. Msinitazame hivyo, mapadre nao hugombana.

Lakini linaloniudhi mimi ni hili. Mjini Irkutsk, kama kilomita 200 kutoka hapo, alikuwepo paroko mmoja, Padre Krzysztof Szwernicki, naye aliletwa Siberia kama mfungwa. Parokia yake ilikuwa kubwa kuliko nchi nyingi. Alisafiri miezi kwa miezi, akivutwa na farasi juu ya theluji, kuwatafuta waumini waliotawanyika. Yeye anazunguka hivyo, na wenzake 150 wanapalilia mboga Tunka, sheria ikiwakataza kumsaidia!

Katikati ya miaka ya 1870 wakaanza kuachiwa. Si kwamba walirudi nyumbani: wengi walipelekwa miji ya Urusi upande wa Ulaya, chini ya macho ya polisi, mbali na parokia zao. Szwernicki aliendelea kuwa paroko wa Irkutsk mpaka alipofariki mwaka 1894.