Mtoto Asiogope Kuungama

Juu ya kilima cha Kyambogo, mashariki mwa jiji la Kampala, huishi walimu, wafanyakazi wa chuo kikuu na familia nyingine nyingi. Jirani ziko Naguru na Mbuya, zenye makazi ya polisi na ya wanajeshi. Katika nyumba za Wakatoliki wa sehemu hizo, mtoto anapoanza kupambanua mema na mabaya huwadia wakati wa kutayarishwa kwa kitubio chake cha kwanza, ndipo apokee Komunyo.

Jambo hili lina historia. Zamani watoto wengi walisubiri hadi miaka kumi au zaidi. Tarehe 8 Agosti 1910, Papa Pius wa Kumi aliagiza kwamba umri wa kupambanua ni karibu miaka saba, na mtoto asicheleweshwe. Nayo sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 huweka wajibu wa kumtayarisha kwanza juu ya wazazi, pamoja na paroko. Kwa hiyo si haki kumwachia katekista kazi yote.

Kosa kubwa la wazazi ni kulifanya kanisa kuwa fimbo: "Ngoja, utakwenda kumweleza padre!" Mtoto wa askari huona wakosaji wakiletwa kituoni, wakihojiwa na maelezo yao yakiandikwa. Akitishwa hivyo, atadhani kuungama ni vivyo hivyo. Yafaa aelezwe kwamba kwa padre hakuna kinachoandikwa, na kwamba padre hana ruhusa ya kumwambia mtu yeyote alichosikia, awe baba wa mtoto au mkuu wa kikosi. Kituoni akiriye huweza kufungwa. Hapa akiriye hufunguliwa.

Mafunzo yenyewe yaanzie nyumbani, jioni, kwa maneno machache. Mtoto aikumbuke siku yake, ajute, akusudie kutorudia, aungame, kisha atimize malipizi. Asikaririshwe dhambi za watu wazima, wala asibuni makosa ili apate la kusema. Ikiwa alichukua sukari ya jirani, aelewe kuwa kusamehewa hakumwondolei wajibu wa kuirudisha. Na kwa kuwa familia za kambini hutoka makabila mengi, aulizwe ni lugha gani anayoimudu, iwe Kiganda, Kiacholi, Kiswahili au nyingine, ili mipango ifanywe mapema.

Siku ikifika, watoto waungame mahali wanapoonekana na watu, ingawa hawasikiki. Akitoka, mzazi asimdadisi alichosema. Lakini ajue kwamba siri humfunga padre, haimfungi mtoto. Akirudi na hofu au fadhaa kwa jambo alilotendewa na mtu mzima yeyote, yampasa asikilizwe mara moja na kuaminiwa.

Namugongo, alikouawa Mtakatifu Kizito tarehe 3 Juni 1886 akiwa na umri wa miaka kama kumi na minne, si mbali na Kyambogo. Watoto huelewa vema wakisimuliwa habari zake. Hata hivyo, somo lililo kuu hutoka kwa wazazi. Baba arudipo kazini amechoka, akamgombeza mtoto bila kosa, kisha akamwita na kusema, "Nisamehe, mwanangu," amekwisha kumfundisha nusu ya kitubio.