Waya wa Chini ya Bahari na Soko la Ng'ombe la Garissa

Mji wa Garissa uko kando ya mto Tana, mwendo wa kilomita zipatazo 370 kwa barabara kutoka Nairobi. Wakazi wake wengi ni wafugaji na wafanya biashara ya mifugo, nao hawana shughuli na bahari. Hata hivyo, karani wa Garissa apelekaye barua kwa intaneti, au mzee azungumzaye na mwanawe aliye Ulaya, hutegemea waya uliolala chini ya bahari.

Ndani ya waya huo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zipitishazo habari kwa mwanga. Katika kina kirefu unene wa waya hauzidi ule wa mpira wa kumwagilia bustani. Karibu na pwani huvikwa vyuma na kufukiwa, kwa maana huko ndiko kwenye hatari. Waya uitwao TEAMS hutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, nao ulianza kazi mwaka wa 2009. Kutoka Mombasa nyaya nyingine huendelea nchi kavu hadi Nairobi na Garissa.

Hata malipo ya ng'ombe yalipata kuvuka bahari. Mpaka mwaka wa 2015 mashine kuu za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mnunuzi alipomlipa mfugaji kwa simu katika soko la Garissa, habari ya fedha hizo ilikwenda Ulaya na kurudi, na hali wawili hao wamesimama karibu na fahali mmoja. Mwaka huo mashine zililetwa Kenya.

NANGA NA NYAVU

Adui mkubwa wa nyaya hizi si papa wala dhoruba, bali ni nanga za meli na nyavu za kukokota. Mwezi wa Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata waya wa TEAMS. Siku chache kabla ya hapo nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, na kwa hiyo intaneti ikazorota katika nchi kadha za Afrika ya Mashariki.

Somalia iliumia zaidi. Mwezi wa Juni 2017 meli ya makasha iliukata waya uliofika Mogadishu, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa intaneti kwa zaidi ya majuma matatu. Watu wenye waya mmoja tu hawana njia ya pili.

Hatari hii si ngeni. Katika mwaka wa 1884 mataifa yalipatana mjini Paris kwamba mtu akataye waya wa baharini kwa kusudi au kwa uzembe aadhibiwe. Tena yalikubali kwamba mwenye chombo aliyeacha nanga au wavu wake upotee ili kuuokoa waya alipwe fidia. Sheria ya namna hii humfanya mvuvi kuwa mlinzi.

KAZI YA NCHI KAVU

Lakini kuulinda waya baharini hakutoshi ikiwa habari itakatika njiani. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera wapiganaji wa Al-Shabaab wamebomoa minara ya simu mara nyingi. Mnara ukianguka, mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kuitiwa gari, na mfugaji hawezi kuuliza bei kabla ya kuswaga mifugo yake safari ya siku nyingi. Nao mafundi huogopa kwenda kuutengeneza.

Baharini, meli maalum huuvua waya uliokatika, ukaunganishwa na kushushwa tena. Nchi kavu, ulinzi huanza kwa majirani. Mtu anayetaka kuchimba mtaro kando ya barabara yafaa aulize kwanza kama pana waya chini, na aonaye wageni wakiuchezea mnara usiku awaarifu chifu na polisi mapema. Mnara ukisha kuanguka, hana tena simu ya kuwaitia.