Rehani ya Shamba la Karafuu

Je, mdaiwa aliyeshindwa kulipa anaweza kuliacha shamba pamoja na deni lake? Unguja na Pemba zililikabili swali hili bei ya karafuu ilipoanguka miaka ya 1930. Wenye mashamba wengi walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwa rehani au kwa bei kheri: unauza shamba kwa sharti la kulikomboa, unabaki humo ukilipa kodi, na kodi hiyo ndiyo riba yenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilizuia mashamba ya Waarabu na Waafrika kuhamishiwa watu wasio Waarabu wala Waafrika bila idhini. Wadai walilalamika, na hoja wanayo: fedha walitoa, na ahadi ni deni.

Lakini aliyeandika kwenye hati kiasi kikubwa kuliko alichotoa hana uso wa kudai uaminifu. Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 280, inaagiza mwenye dhiki angojewe. Kungojewa si kusamehewa. Mwenye uwezo akikimbia deni ni dhalimu. Aliyeshindwa kweli, akakabidhi shamba aliloweka rehani, hajaiba. Mtu atauliza: nani atakopesha tena? Atakopesha anayepima mavuno kabla ya kufungua mkoba. Deni likizidi thamani ya shamba, waliokosea ni wawili, na hasara waigawane.