Mzimamoto na Kamera: Jivu Nalo Hutoa Ushahidi

Nyumba ikishaungua, kazi ya moto huwa imekwisha, lakini kazi ya ndimi za watu ndiyo kwanza inaanza. Jivu halijapoa, barazani hukumu zimeshatolewa: mama aliacha jiko likiwaka, kijana alilala na sigara mkononi, mwenye nyumba alitaka pesa za bima. Kila mtu ana hakika, wala hapana aliyeona. Hapo ndipo anapofaa mtu ambaye aghalabu hatumtazami kwa jicho zuri: mzimamoto asiye zamuni, amevaa shati lake la nyumbani, akipiga picha kuta zilizojaa masizi.

Watu humchukia. "Wenziwe wanalia, yeye anapiga picha!" Tena jina lake lina historia. Zama za ukoloni, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ilivumishwa kwamba wazimamoto huwakamata watu wakawatoa damu, kama alivyosemwa mumiani hapa kwetu pwani. Uvumi ule umepungua nguvu, lakini swali lake limebaki: mtu huyu anatafuta nini katika msiba wa watu?

Anatafuta mahali moto ulipoanzia. Moto hupanda juu ukitanuka, na mara nyingi huacha ukutani alama mfano wa herufi V, ncha yake ikielekea chini karibu na chanzo. Palipokuwa na kabati, lipu nyuma yake huweza kubaki nyeupe, na kwa hivyo hujulikana kila kitu kilikaa wapi. Waya wa shaba ulioyeyuka ncha yake ikawa kama ushanga humwambia kwamba stima ilikuwa ingali inapita ndani yake moto ulipoufikia. Hata hivyo, mjuzi hahukumu kwa alama moja. Chumba kizima kikishashika moto kwa pamoja, alama za mwanzo huweza kufutika au kudanganya.

Ndiyo maana picha zina utaratibu wake. Kwanza nje, pande zote za nyumba. Kisha kila chumba kutoka pembeni, kuanzia palipoungua kidogo hadi palipoteketea. Mwisho vitu vidogo kwa karibu, pamoja na rula ili ukubwa wake ujulikane. Yote hayo yafanywe kabla vifusi havijafukuliwa. Boriti ikishaondolewa na sakafu ikishafagiwa, ushahidi nao umekwenda jaani.

Faida ya ushahidi huo ilionekana London, Uingereza. Usiku wa kuamkia Juni 14, 2017, katika mwezi wa Ramadhani, moto ulizuka jikoni kwenye fleti moja ya orofa ya nne katika jengo la Grenfell Tower. Watu 72 walipoteza maisha, miongoni mwao Waislamu wengi. Ilisimuliwa kwamba baadhi ya Waislamu waliokuwa macho kwa ajili ya daku ndio waliowaamsha jirani zao. Haukupita muda, lawama zikamwangukia mpangaji wa fleti ile, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu kuwaita wazimamoto.

Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake ya kwanza, Oktoba 2019, ilimwondolea mtu yule lawama. Moto ulitokana na hitilafu ya umeme katika friji yake, na uliruka ukapanda jengo zima kwa sababu ya mabamba yenye kuwaka yaliyobandikwa nje ya kuta. Miongoni mwa ushahidi uliotazamwa zilikuwamo picha za kamera ya kupima joto waliyoingia nayo jikoni wazimamoto wa mwanzo. Hao walikuwa kazini na kamera ile ilikuwa chombo chao cha kazi, lakini funzo ni lile lile: picha iliyopigwa kwa uangalifu humtetea asiye na mtetezi.

Sasa turudi kwa mzimamoto wetu aliye mapumzikoni. Hana sare wala amri. Pale yeye ni jirani kama jirani yeyote. Surat an-Nur imetufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tupige hodi na kutoa salamu. Nyumba iliyoungua haina mlango, lakini ina mwenyewe. Naambiwe: "Shekhe, naomba ruhusa nipige picha za ukuta na nyaya, zitakufaa." Akikataa, basi. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Wenzake walio zamuni nao wapewe habari, asije akawavurugia kazi.

Tena picha ya ukuta si picha ya mtu. Maiti asitiriwe. Mama aliyekimbia bila buibui asitiriwe. Nguo za ndani zilizotapakaa, barua, na picha za harusi zilizonusurika si mambo ya kuzungushwa katika simu za watu, maana picha ikishatumwa hairudi. Apewe mwenye nyumba, wapewe wachunguzi, iishie hapo.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopewa habari alieleza kwamba moto ni adui yetu, akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Hakuuliza ni nani wa kulaumiwa, aliwafundisha waliobaki. Leo kibatari kimekuwa friji na waya wa kuungaunga. Basi, kabla ya kulala, tutazame plagi zetu kama wazee walivyotazama taa. Na moto ukimfika jirani, tumwachie mwenye kulisoma jivu alisome, nasi tufunge midomo.