UNAFUNGA FAIBA NYUMBANI? USIITUPE LAINI YAKO

Wadau wa Tarime, Sirari na Mugumu, faiba inambeba sana anayeuza mtandaoni. Unaenda laivu na nguo zako bila kuhesabu bando, na mtu wako wa mzigo kule Migori unampigia WhatsApp badala ya kulipia simu ya nje ya nchi.

Ila simu za mezani za zamani zilipata umeme kupitia waya wenyewe, kutoka kituo cha simu. Faiba inapitisha mwanga tu. Umeme ukikatika kwako, kile kiboksi cha ukutani kinazima, rauta nayo inazima, na simu za intaneti zinakata hapohapo. Mteja wa Mwanza aliyetaka kulipia anakukosa, anahamia kwa mwingine.

Nunua betri ndogo ya rauta, na hakikisha inawasha na kiboksi pia. Rauta peke yake ikiwaka haikusaidii kitu.

Laini ya kawaida iache hai, yenye salio. Menyu ya M-Pesa unayopiga kwa nyota na reli inatumia laini, siyo waifai, na WhatsApp yako imesajiliwa kwa namba hiyo. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, namba ikapewa mtu mwingine. Hebu fikiria oda zako zinaingia kwake!

Halafu, Mkongo wa Taifa kupita barabarani kwenu siyo kwamba nyumba yako inafikiwa. Kabla hujalipa chochote nenda ofisi ya TTCL, ulizia Faiba Mlangoni Kwako, uwatajie mtaa kabisa.