RAMANI YA MOTO ISIFUNGIWE KABATINI

Ndugu wafanyakazi,

Sisi wa Busiu kila siku tunaona malori ya mafuta na gesi yakipita barabara ya Tororo kwenda Mbale. Tumeyazoea. Lakini tarehe 29 Juni 2013, Namungoona, Kampala, lori la petroli lilipata ajali, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya watu 30 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 yakatokea yale yale Morogoro, Tanzania, na waliokufa walipita 100. Tarehe 1 Februari 2024, usiku, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, katikati ya nyumba za watu.

Basi mtu akimbilie wapi, na umbali gani? Siku hizi swali hilo lina hesabu yake. Iko programu ya kompyuta iitwayo ALOHA, iliyotengenezwa na idara mbili za serikali ya Marekani, nayo hutolewa bure. Unaiambia ni kemikali gani, tangi ni kubwa kiasi gani, tundu lina upana gani, upepo unavuma kwa kasi gani na unatoka wapi. Kama ni moto, inachora maeneo matatu. Katika jekundu, joto laweza kuua kwa dakika moja. Katika la machungwa, ngozi hutoka malengelenge. Katika la manjano, mtu husikia maumivu. Amonia na klorini nazo huzipimia: sumu itafika wapi kwa upepo ule.

Ina mipaka yake. Haihesabu vipande vya chuma vinavyoruka tangi likipasuka. Haijui vilima wala majengo yetu. Petroli, kwa kuwa ni mchanganyiko wa vitu vingi, haiiwezi vizuri. Hayo ni makisio tu, si ngao.

Sasa nieleze niliyoyaona. Katika kiwanda kimoja upande wa Jinja, karani alinifungulia kabati akanionyesha ramani ya namna hiyo. Duara jekundu lilifunika mwembe ambao wafanyakazi huambiwa wakusanyike kengele ikilia. La machungwa lilifika kwenye nyumba wanamolala watoto wao. Niliwauliza wafanyakazi kama wameiona. Hakuna hata mmoja! Tajiri alilipia hesabu, akajua, akanyamaza. Tulipodai, mahali pa kukusanyika pakahamishwa. Nyumba bado tunazidai.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inatambua kamati za usalama, tena inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari ya kweli. Lakini utaondokaje usipoijua hatari?

Kwa hiyo kila tawi limwulize tajiri:

1. Katika matangi yetu mna nini, na kiasi gani?
2. Hesabu ya moto na sumu imefanywa? Ibandikwe ukutani kwa lugha tunayoisoma.
3. Upepo ukigeuka, tukusanyike wapi?
4. Majirani wa kiwanda wameambiwa?

Na barabarani, lori likianguka, usikimbilie na ndoo. Kimbia mbali, upande unakotoka upepo, ukiwaita na wenzako. Debe la petroli halilingani na mtoto mmoja.

Majibu ya tajiri yaletwe katika mkutano wa tawi, yameandikwa. Jibu la mdomo halizimi moto.