Filtri gani kwa akwariamu ya majani, kama umeme hauko?



Ndugu moja wa Kabambare aliniandikia: amejenga akwariamu ya kioo ya lita 100, anataka kutia ndani majani ya maji na samaki wadogo wa Luama, wanafunzi wake wa biolojia waone. Anauliza anunue filtri gani. Aliona moja ya nje, ile kama ndoo yenye mipira miwili, karatoni yake inasema lita 600 kwa saa. Nikamjibu: ngoja kwanza, umeme wako unatoka wapi?

Mimi hiyo ya ndoo nilikuwa nayo hapa Kasongo. Siku moja mafuta ya jenereta yakaisha, ikalala usiku na mchana mzima. Kesho yake magaribi nikawasha, ikatapika maji meusi yenye harufu ya yai bovu ndani ya kioo. Samaki 11 walikufa mbele ya macho yangu.

Sababu ni hii. Kushika uchafu ni kazi ndogo ya filtri. Kazi yenyewe wanaifanya bakteria wanaoshikamana na sponji na kokoto. Samaki anatoa amonia kwa mashavu yake. Bakteria kama Nitrosomonas wanaigeuza kuwa nitriti, halafu wengine kama Nitrospira wanageuza nitriti kuwa nitrati. Wenzangu wa agronomia, njo nitrifikasio ileile tuliyosoma katika somo la udongo. Amonia na nitriti zinaua. Nitrati kidogo haina neno, majani yanaikula. Lakini hao bakteria wanapumua oksijeni. Ndoo ikifungwa bila maji kutembea, oksijeni inaisha upesi, wanakufa, na wale wa kuoza wanachukua nafasi.

Kwa hiyo kwetu mimi nachagua filtri ya sponji inayosukumwa na pompi ya hewa. Mapovu yanapanda ndani ya mpira, yanavuta maji kupitia sponji. Umeme ukikatika, sponji iko wazi ndani ya maji, bakteria wanavumilia zaidi. Hata ya kutengeneza mwenyewe inafaa: chupa ya plastiki iliyotobolewa, kokoto za mto zilizooshwa, na mpira wa hewa katikati. Godoro la musu nalijaribu mara moja, matundu yake madogo sana, likaziba kwa siku chache.

Sasa hesabu. Filtri ya ndoo ya wati 15 inakula wati-saa 360 kwa saa 24. Pompi ya hewa ya wati 3, usiku wa saa 12, inakula 36 tu. Batri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina kama 84. Za risasi usizimalize kupita nusu, basi unabaki na 42. Usiku umepita! Tafuta pompi ya volti 12 ili usipoteze umeme kwa kubadilisha.

Wengi wanakosea hapa: wanafunga pompi moja kwa moja kwenye pano ya sola, inafanya kazi mchana tu. Mchana majani yenyewe yanatoa oksijeni. Usiku yanaivuta sawa na samaki, na asubuhi mapema, kabla jua halijatoka, ndipo inakuwa kidogo kabisa. Kama batri inatosha nusu ya siku tu, hiyo nusu iwe usiku.

Kuna mtu atasema mapovu yanafukuza gesi ya kaboni ambayo majani yanahitaji. Kweli, kwa wale wanaoongeza gesi hiyo kwa chupa. Sisi hatuongezi, basi hasara ni ndogo.

Tena majani nayo ni filtri. Yanavuta amonia moja kwa moja. Ceratophyllum inakua haraka hata bila kupandwa, na Pistia, ile kabeji ya maji, mizizi yake inafanya kazi sana. Ila uipunguze kila juma, isifunike mwanga wa wale wa chini. Majani mengi, samaki wachache: kwa lita 100 nilimwambia aanze na 6 wadogo, tena asiwatie wote siku moja, maana bakteria wanahitaji juma 4 mpaka 6 kujipanga.

Sponji ikijaa uchafu, ikamue ndani ya beseni la maji ya akwariamu yenyewe. Maji ya bomba yenye klori yanaua bakteria, na sabuni usiikaribishe kabisa.